Kwaresima: kila mtu anaulizwa "umeacha nini", mbona hatuulizani hicho ulichoacha kimeenda wapi?

Mwanajumuiya_Umoja

Tumsifu Yesu Kristo wadau. Na kama wewe si Mkatoliki karibu pia, uzi ni wa wote.

Kuna kitu kimenikaa rohoni na nataka tukiongee vizuri bila kurushiana maneno. Kila Jumatano ya Majivu ukitoka kanisani na ile alama kwa paji la uso, swali ni moja tu, iwe ni kazini, kwa matatu ama kwa grupu ya WhatsApp ya familia: "wewe mwaka huu unaacha nini?" Huyu ameacha soda, yule nyama, mwingine pombe, mwingine ametoa TikTok kwa simu. Sina shida na hiyo hata kidogo, mwili lazima uambiwe hapana mara moja moja la sivyo ndio utakuongoza. Shida yangu ni kwamba swali linaishia hapo. Hakuna mtu anauliza: sawa, umeacha nyama, ile pesa ya nyama iko wapi saa hii? Umetoa TikTok, yale masaa mawili ya jioni yameenda kwa nani?

Angalia Injili yenyewe tunayosomewa siku hiyo ya majivu, Mathayo 6. Yesu anataja vitu vitatu, na anaanza na sadaka. Halafu sala. Kufunga kunakuja mwisho, mstari wa 16 huko. Sisi tumegeuza, kufunga tumekuweka mbele, sala tunajaribu jaribu Ijumaa kwa Njia ya Msalaba, ile sala ya kupita vituo vya mateso ya Yesu, na sadaka ni ile bahasha inakaa juu ya friji mpaka Jumapili ya Matawi ndio mtu anaikumbuka na anatafuta noti ya mia ya kuweka ndani mbio mbio.

Na si mimi nimeanzisha hii maneno, ni ya zamani sana. Yohane Krisostomo, padre wa karne ya nne, akihubiri Antiokia wakati wa Kwaresima ya mwaka 387 aliwauliza watu kuna faida gani kujinyima kuku na samaki halafu tunawatafuna ndugu zetu. Na kabla yake kabisa kuna Isaya 58, na hapa naomba mtu achukue Biblia asome polepole mstari wa 3, juu wengi tunarukia mstari wa 6 na 7 yenye ni mizuri ya kuweka kwa status. Watu wanamlalamikia Mungu, tumefunga na hauoni. Mungu anawajibu kwamba siku hiyo hiyo ya kufunga mnatafuta mambo yenu na mnawalemea wafanyakazi wenu. WAFANYAKAZI. Sasa hebu tuite hii kitu kwa jina lake hapa Nairobi. Kuna nyumba kwa hii mitaa yetu mwenye nyumba amefunga, anakunywa chai ya rangi asubuhi, anaenda Misa ya saa kumi na mbili, na dada wa kazi hajalipwa tangu mwezi wa kwanza. Kuna mtu ana duka na kijana wake wa kazi analala njaa lakini mwenye duka ameacha bia kwa ajili ya Bwana. Hiyo saumu, kulingana na Isaya, haijafika mahali. Kama una deni ya mtu aliyekufanyia kazi, nadhani hiyo ndio Kwaresima yako, nyama unaweza kula.

Nitarudi na mambo ya ubatizo juu hiyo nayo tumeisahau kabisa. Kwanza nataka kusikia kwenu mnafanyaje.

Mama_Wa_Kayole

Milele na milele amina. Umenena mwanangu.

Sisi kwa jumuiya yetu tuna kopo. Ni lile kopo tu la maziwa ya unga, tumetoboa juu na kisu na tumelizungushia karatasi ya zambarau. Linazunguka kwa nyumba, kila wiki jumuiya ikikutana kwa mtu linabaki hapo. Tulikubaliana Ijumaa nyumba zetu hazipiki nyama na ile pesa ungepeleka kwa bucha unaiweka ndani, hata kama ni hamsini. Watoto nao wanaweka ya mandazi. Lilikuwa linajaa ma-kumi na ma-ishirini mpaka linakuwa zito kubeba, na mambo ya kutuma kwa simu tulikataa, tulitaka mtu aitoe kwa mkono wake.

Mwaka jana hiyo pesa ilifungua nyumba ya mama mmoja hapa kwa ploti. Keteka, yule msimamizi wa ploti, alikuwa ameweka kufuli ingine juu ya yake, yeye na watoto wako nje kwa korido na godoro. Haikutosha kodi yote lakini wazee wa jumuiya waliongea na mwenye ploti, kufuli ikatolewa. Huyo mama hata si Mkatoliki. Watoto wangu waliona kufuli ikitolewa na pesa yao ya mandazi, na sijawahi kuhitaji kuwaeleza tena kufunga ni nini.

Fundi_wa_Mjengo

Niulize kitu wakubwa. Mimi niko mjengo, tunabeba zege kwa karai tangu saa moja mpaka saa kumi na moja. Mchana tunakula githeri ama madondo na chapati kwa kibanda hapo nje ya sait. Siku ingine kama hakuna pesa nakunywa uji tu. Sasa mimi nafunga aje? Na ile siku nimekosa lunch juu sina kitu, hiyo Mungu anaihesabu kama kufunga?

Katekista_Mstaafu

Ndugu Fundi, asante kwa swali, na usione aibu, hili swali naulizwa kila mwaka.

Sheria ya Kanisa ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kufunga zenyewe ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga maana yake unakula mlo mmoja kamili, na unaweza kula kidogo mara mbili zaidi, ila hivyo vidogo viwili ukivijumlisha visifike mlo mzima. Inamhusu mtu wa kuanzia miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Kujinyima nyama ni tofauti, hiyo ni Ijumaa na Jumatano ya Majivu na inaanza miaka 14. Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, na watu wa kazi nzito kama yako, Kanisa halijawahi kuwataka waanguke na karai kichwani. Kula githeri yako kwa amani. Githeri yenyewe haina nyama, kwa hivyo hata Ijumaa uko sawa.

Swali la pili ndilo zito. Kukosa chakula kwa sababu huna pesa sio kufunga, hiyo ni njaa, na njaa Mungu hapendezwi nayo. Wewe ukikosa lunch ni sisi tuliokula ndio tumeshindwa kufunga, juu kufunga kwetu kungekulisha wewe. Ila kuna kitu unaweza kutoa hata ukiwa na uji tu. Umegombana na mtu hapo sait? Kuna mwenzako mgeni hajui kazi na wengine wanamcheka? Anza hapo.

Fundi_wa_Mjengo

Nimeshukuru mzee. Kuna mmoja kweli.

Neno_Pekee

Bwana asifiwe. Mimi nimeokoka na nauliza kwa upendo, Kwaresima iko wapi kwa Biblia? Nimesoma Mwanzo mpaka Ufunuo sijaona hilo neno. Sisi kanisani kwetu tunafunga Januari siku 21 na tunaona matokeo, sasa haya mambo ya majivu na rangi ya zambarau si ni desturi za wanadamu?

Mwanajumuiya_Umoja

Ndugu Neno_Pekee karibu, na asante umeuliza kwa heshima.

Ni kweli hilo neno halimo, vile siku 21 za Januari pia hazijaandikwa kama sheria mahali. Kufunga kwenyewe ndio kumo. Yesu hakusema "kama mkifunga", alisema "mfungapo". Na 40 imejaa kwa Maandiko, Musa mlimani bila mkate wala maji, Eliya akitembea mpaka Horebu, Ninawi kupewa siku 40, na Bwana mwenyewe jangwani. Majivu nayo soma Yona 3, mfalme wa Ninawi alitoka kwa kiti cha enzi akaketi majivuni.

Kanisa lilianza kufunga kabla ya Pasaka mapema sana, wengine siku moja, wengine mbili. Kufikia Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 siku 40 tayari zinatajwa kama kitu kinachojulikana, kanuni ya 5 inataka maaskofu wakutane kabla ya hizo siku wamalize ugomvi ili sadaka itolewe kwa Mungu ikiwa safi. Ona hapo tena, ugomvi unamalizwa KWANZA.

Ukihesabu kalenda kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Jumapili haifungwi juu ni siku ya ufufuko.

Sasa nilisema nitarudi kwa ubatizo. Zile karne za kwanza hizi wiki zilikuwa za wakatekumeni, wale watu wazima wanaojiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka. Wanafunga, wanafundishwa, wanaombewa. Na waamini wengine wakaanza kufunga pamoja nao, kuwasindikiza. Pia wale waliokuwa wameanguka kwa dhambi kubwa na wanarudi, walikuwa wanatubu hadharani na Kanisa linalia nao. Kwa hivyo tangu mwanzo mtu alikuwa anafunga kwa ajili ya MWINGINE anayekuja nyuma yake. Hiyo ndio inanigusa sana mimi. Bado iko mpaka leo kwa liturjia ukiwa makini, Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano wakatekumeni wanaombewa mbele ya watu, na Injili zake ni mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro kutoka kaburini. Maji, mwanga, uzima. Halafu Mkesha wa Pasaka unaona moto nje, mshumaa unaingia kwa kanisa la giza, maji yanabarikiwa, wanabatizwa, na sisi sote tunashika mishumaa tunarudia ahadi zetu, unamkataa shetani na kazi zake zote na fahari zake zote. Kwaresima yote inaelekea hapo kwa maji. Lakini uliza watu kumi hapa kwa parokia zetu wakatekumeni wa mwaka huu wanaitwa nani. Wako hapo kwa benchi za mbele kila Jumapili na hatuwajui hata jina. Hatuwaombei. Tunajua tu nani ameacha sukari.

Mwana_Othodoksi_Riruta

Nimefurahi kuona hii. Sisi Waorthodoksi tuko wachache lakini tuko, Riruta hapa tuna kanisa na seminari.

Kwetu mfungo ni mrefu na ni mgumu kidogo, hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa, samaki ni siku chache sana. Ukikuwa Nairobi si ngumu vile watu wanafikiria, ugali na sukuma imekaangwa na mafuta ya kawaida, ndengu, maharagwe, mukimo bila maziwa, viazi. Na ukishindwa kabisa nenda kwa hoteli za Waethiopia uwaambie unataka chakula cha mfungo, utaletewa injera na shiro na dengu za kila aina, wale ndugu zetu wanafunga siku 55 na wamejua kupika.

Lakini kitu nataka kusema ni hii. Sisi hatuanzi na chakula. Tunaanza Jumapili jioni kwa ibada ya msamaha. Watu wanapanga laini ndani ya kanisa, padre anaanza, anainama mbele ya mtu wa kwanza anamwambia nisamehe mimi mwenye dhambi, yule anamjibu Mungu anasamehe, nisamehe na mimi. Halafu huyo anageukia wa pili, hivyo hivyo mpaka kila mtu amesimama uso kwa uso na kila mtu. Mzee wa miaka themanini anainama mbele ya mtoto wa darasa la tatu. Mume anafika kwa mke. Mtu anafika kwa yule hawajaongea tangu kesi ya shamba. Huwezi ruka, laini inakuleta tu. Nimeona watu wakisimama hapo muda mrefu hawawezi kutoa neno na laini yote inangoja. Jumatatu ndio mfungo wa chakula unaanza, na ukweli ni kwamba ile ya Jumapili ndio ilikuwa ngumu.

Mwanajumuiya_Umoja

Aki hii ningetaka tuwe nayo kwa jumuiya. Hata kama si ibada rasmi, ile wiki ya kwanza tukikutana watu waanze na hiyo kabla ya kufungua kile kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima.

Bibi_Sophie

kijitabu gani hicho jameni, sisi tumehamia hapa juzi

Mama_Wa_Kayole

Kinatoka kwa Maaskofu wetu kupitia Tume ya Haki na Amani, kila mwaka wakati huu. Kila wiki kina mada yake moja ya nchi yetu na kisa na picha, mnasoma kisa, mnakiangalia na Neno la Mungu, halafu mnaamua mtafanya nini nyinyi hapo mtaani. Uliza mwenyekiti wa jumuiya yako, ama ofisi ya parokia. Msisome tu mkakifunga, ile sehemu ya mwisho ya kutenda ndio watu wanaruka juu imekaribia chai.

Jirani_South_C

Assalam aleikum na amani kwenu. Mimi ni Muislamu napitia tu lakini nimesoma yote. Mwaka 2026 Jumatano yenu ya Majivu iliangukia 18 Februari na Ramadhani yetu ikaanza wiki hiyo hiyo, na kwa ofisi yetu ilikuwa kitu kizuri sana, saa ya lunch tunakaa pamoja sisi wa saumu na wale wa Kwaresima.

Hilo swali la mleta uzi, kimeenda wapi, kwetu limejibiwa ndani ya ibada yenyewe. Mgonjwa wa kudumu au mzee asiyeweza kufunga analisha maskini mmoja kwa kila siku, hiyo ni fidia. Na kabla ya swala ya Idi lazima kila nyumba itoe zakatul fitri, chakula, ili maskini naye asherehekee. Na jioni wakati wa kufuturu hapa mtaani ukipita msikitini unakaribishwa, hawakuulizi dini.

Mwanajumuiya_Umoja

Waaleikum salaam jirani. Hiyo ya zakatul fitri kabla ya swala nimeipenda, maskini wasingoje sherehe ziishe ndio waletewe mabaki. Sisi Ijumaa Kuu tunatoa sadaka inayoenda Nchi Takatifu na ile bahasha ya Kwaresima inasaidia miradi ya huruma, ipo, lakini kwa nyumba hatujafundisha watoto kwamba ni sehemu ya mfungo.

Dada_Wa_Kilimani

Kaka Mwanajumuiya mimi sikuwa naandika lakini hiyo sehemu ya Isaya imenifanya niandike. Mimi nafanya kazi ya nyumba. Pale nilikuwa kabla ya hapa tulikuwa tunafunga nyumba yote, mama alikuwa ananiambia Kwaresima hakuna kupika nyama, sawa, mimi pia ni Mkatoliki. Lakini Ijumaa ya Njia ya Msalaba yeye anaenda na mimi nabaki na watoto. Ijumaa Kuu pia. Nilikuwa nasikia ile maandamano ikipita huko nje ya geti, watu wakiimba kati ya kituo na kituo, na mimi nimesimama na mtoto mkononi. Sikunyimwa chakula, nilinyimwa tu kwenda.

Hapa niko sasa wananipa Ijumaa jioni. Huyu mama mwenyewe si wa kwenda kanisa sana lakini anarudi kutoka kazini mapema ili mimi niende. Kila nikifika kituo cha Veronika, yule aliyempangusa Yesu uso, namuombea huyu mama.

Mama_Wa_Kayole

Mwanangu umenitoa machozi. Wenye mna dada kwa nyumba mmesoma hapo? Ijumaa jioni. Masaa mawili. Hiyo ndio sadaka.

Mwanajumuiya_Umoja

Dada, hakuna kitu nitaongeza hapo. Huyo mama anayerudi mapema amefunga saumu ya Isaya bila hata kupakwa majivu. Nitaipeleka kwa jumuiya yetu wiki hii, na sitasema wewe ni nani.

Kijana_Pipeline

Mimi niliacha kubeti Jumatano ya Majivu na bado nashikilia. Nikisoma hii uzi nimeona ile pesa imebaki tu kwa simu na Jumamosi mechi zikianza ndio inanisumbua zaidi, ni kama inaniita. Nifanye nini nayo

Katekista_Mstaafu

Itoe kwa simu leo, kijana wangu, usingoje Jumamosi. Ukiiacha hapo Pasaka usiku itakuwa kwa kampuni ya kubeti na mfungo wako utakuwa umewawekea akiba. Una mama nyumbani? Mtumie. Una jirani ana mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo? Unajua mtaa wako kuliko mimi. Na ile saa ya mechi usikae peke yako na simu, njoo Njia ya Msalaba Ijumaa, na Jumamosi tafuta padre uungame. Kubeti ni mzigo, usiubebe mwenyewe mpaka Pasaka.

Kijana_Pipeline

Nimetumia mathe sai hii. Amepiga akiuliza kama niko sawa. Kuungama ni lazima ipangwe na padre ama unaenda tu? Imekuwa miaka mob.

Mwanajumuiya_Umoja

Unaenda tu. Makanisa ya katikati ya jiji wanaungamisha pia siku za kazi, na kwa parokia yako uliza saa za Jumamosi. Usingoje Wiki Takatifu, foleni huwa inazunguka kanisa na mapadre wamechoka. Mwambie tu padre imekuwa muda mrefu sana na umesahau vile inafanywa, atakuongoza neno kwa neno. Na ukifika kwenu Pipeline uliza jina la katekumeni mmoja wa mwaka huu, umuombee mpaka Mkesha. Wetu hapa nimeshauliza, ni tisa, nitawaleta majina kwa jumuiya Alhamisi.